Magurudumu Membamba

Yale ya zamani aliyachonga mwenyewe
kutoka bomba la shaba lililokufa karakanani,
mazito, kingo zake nene kama midomo ya chungu.
Injini yenyewe haifiki shubiri mbili,
na ilizunguka meza yetu miaka kumi na tisa
bila kuanguka.

Reli zilipinda kwa joto la bati: ikapita.
Paka alilalia maungio: ikapita.
"Gurudumu nene lina roho nzuri," baba akasema.
"Linasamehe."
Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa.

Haya mapya kaka yangu Osinde aliyatuma
ndani ya kopo la peremende za kikohozi,
yamelazwa kwenye pamba kama meno ya maziwa.
Sita. Spoki nyembamba kuliko mguu wa mbu.
Ukingo, ukiupitisha kwenye ulimi,
ndipo tu unajua kwamba upo.

Tororo, Jumapili, vumbi la saruji dirishani.
Obbo Yekosofati, fundi mstaafu, mkaidi asiyestaafu,
anafunga jiliwa kwenye meza ya kulia chakula
na mama anahamishia ugali wa wimbi kitandani.

Tunayang'oa ya kale. Yanatoka yakilia.
Tunapachika la kwanza, halafu mwenzake,
mgongo kwa mgongo, na nafasi kati yao
haitaki unywele wa ziada.
Kisha pini: ya kulia ikiwa juu kabisa,
ya kushoto itazame mbele, robo ya mzunguko;
ukikosea kidogo, fito za ubavuni zitagombana
kama wake wenza mlangoni.

Mkono wake unatetemeka.
Mimi natengeneza saa, ndiyo riziki yangu;
ananisukumia kaliperi bila kunitazama.
"Soma."
Nasoma.
"Soma tena. Usinisomee ninachotaka."

Hapo ndipo aliposimulia, akiongea na jiliwa.
Usiku mmoja, behewa la saruji, ekseli ya nyuma,
ukingo umelika hadi umekuwa kisu.
Kipimio kilikataa.
Msimamizi alikuwa na haraka, mvua ilikuwa na haraka,
naye akaandika: *Inafaa*.
Neno moja, kalamu ya risasi, sahihi.

Maili nne baadaye, kwenye kona, behewa lilipanda reli
likalala ubavu.
Oketcho, mtu wa breki, aliamka bila goti.

Hadi leo kila siku ya soko Oketcho hupita na gongo lake,
humsalimu baba, huulizia mbuzi,
huulizia mvua, huenda zake.
Hajawahi kuuliza lile jingine.
Baba hununua nyanya asizozihitaji
ili awe na kitu cha kushika.

Sikusema kitu. Niligeuza gurudumu la tano,
nikapima, nikasema namba,
na namba haikuwa nzuri, nikaisema vilevile.
Akalitoa. Tukaanza upya.

Saa mbili usiku tukaiweka relini.
Ilikwenda kimya, kimya cha ajabu,
bila ule mgongano wa kingo na mataruma
uliokuwa muziki wa utoto wangu.
Nusu meza. Maungio ya pili.
Ikaanguka.

Ikaanguka tena palepale, mahali ambapo
kwa miaka kumi na tisa tuliamini pamenyooka.
Baba akainama, jicho moja limefumba,
akapitisha ukucha juu ya chuma, akaupata:
ngazi ndogo, ndogo kuliko karatasi.

Nilidhani atakasirika. Akavuta kiti.
"Kumbe," akasema, "siku zote ilikuwa hapa,"
akanyoosha mkono nimpe tupa.

Umeme ukakatika.
Tukabaki tumekaa, yeye na tupa, mimi na tochi ya simu,
mama akiuliza toka chumbani
kama sasa anaweza kuirudishiwa meza yake.
"Bado," baba akamjibu.
"Kesho nipelekeni kwa Oketcho kwanza."